Prosesa Haichoki, Hutii Amri: Kusaka Kikomo cha Mwendo Kwenye Linux

Leo nataka tuzungumzie ugonjwa mmoja ambao kila mara huletwa kwangu kwa jina lisilo lake. Mtu anakuja na kipakatalishi kwapani, anakwambia, "Hii mashine imekuwa nzito sana, fundi amesema prosesa imechoka." Imechoka! Kama punda wa kubeba maji?

Prosesa haichoki. Haina gurudumu la kuisha wala bawaba ya kulegea. Aghalabu ama inafanya kazi, ama imekufa na mashine haiwaki kabisa. Ukiona prosesa iliyokuwa ikikimbia wiki jana leo inatambaa, na bado haikosei hesabu hata moja, jua kwamba kuna mtu ameiambia itambae. Kazi yako ni kumtafuta aliyetoa amri hiyo. Ukishampata, usikimbilie kumpuuza. Muulize kwanza kwa nini aliitoa. Hilo ndilo ninalotaka kusema leo, na yanayofuata ni maelezo yake.

Sisi Wakenya jambo hili tunalielewa bila kufundishwa. Mwezi wa Februari 2004, kanuni za Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, zilipoanza kutekelezwa, kila matatu ilitakiwa kuwa na mikanda, mstari wa manjano ubavuni, na kidhibiti mwendo cha kuizuia isipite kilomita 80 kwa saa. Injini ilibaki ile ile. Lakini dereva akikanyaga mafuta, kulikuwa na kitu kati ya mguu wake na injini kinachosema, "Hapana, hapo panatosha." Mwaka huo huo wa 2004 kiini cha Linux, toleo 2.6.9, kilipata kidhibiti mwendo chake kilichoitwa ondemand. Watu wa Linux hukiita kifaa cha namna hiyo gavana, nami nitatumia neno hilo. Msimchanganye tu na yule wa kaunti.

Kwa nini prosesa izuiwe? Kwa sababu ya umeme na joto. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda sambamba na mwendo wake, na tena hupanda kwa mraba wa volti. Ukitaka mwendo mkubwa ni lazima uongeze volti, kwa hiyo unalipa mara mbili. Ndiyo maana mwaka wa 2000 Intel walileta SpeedStep na AMD wakaleta PowerNow!, ili prosesa ya kipakatalishi ipunguze mwendo isipokuwa na kazi. Kisha mwaka wa 2008 Intel wakaleta Turbo Boost, na AMD wakafuata na Turbo Core mwaka wa 2010. Hii ni kinyume cha kidhibiti: kukiwa na nafasi ya joto na umeme, prosesa inaruhusiwa kupita mwendo wake wa kawaida kwa muda. Mafundi wa magari wangesema imewekewa tabo.

Kwa hiyo prosesa ya leo ina nambari tatu za kukumbuka. Chukua Core i5-8250U ya mwaka wa 2017, ambayo imejaa tele kwenye vipakatalishi vya mitumba vinavyotoka Uingereza. Mwendo wake wa kawaida ni GHz 1.6. Kwa tabo inafika GHz 3.4. Na chini kabisa inaweza kushuka hadi MHz 400. Kati ya 400 na 3400 kuna tofauti ya zaidi ya mara nane! Hebu fikiria basi la Mombasa linalotembea kwa mwendo wa mkokoteni, halafu mtu akwambie injini imechoka.

Prosesa ya aina hiyo ndiyo iliyonifanya niandike haya. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, yuko mwaka wa mwisho akisomea takwimu. Alinipigia simu Jumatano jioni. Mradi wake ulitakiwa kukabidhiwa Ijumaa saa nne asubuhi, na bado alikuwa hajapata majibu ya hesabu zake. Programu yake, iliyoandikwa kwa lugha ya R, ilikuwa irudie hesabu ya mvua mara 1,000. Wakati mashine ilipokuwa nzima, kazi hiyo yote ilimalizika kwa saa sita zisizotimia. Sasa kila duru moja ilikuwa inachukua karibu dakika mbili.

"Kaka, nimepiga hesabu," akaniambia. "Itachukua saa thelathini na tatu. Nikianza sasa hivi itaisha Ijumaa alfajiri, na bado sijaandika sura ya nne wala ya tano. Na stima ikipotea katikati, betri nayo imekufa."

Fundi mmoja wa mjini alikuwa ameshamwambia kwamba prosesa imechoka, na kwa kuwa imeunganishwa moja kwa moja na bodi kuu, abadilishe bodi nzima kwa Sh18,000. Mtoto wa watu alikuwa ameanza kuulizia mkopo kwa wenzake wa hosteli. Nikamwambia asimpe mtu hata shilingi kabla hatujazungumza na hiyo mashine yenyewe. Yeye kule chuoni, mimi huku Nairobi, tukaanza: mimi nasoma amri kwa simu, yeye ananitumia picha za kioo kwa WhatsApp.

Jambo la kwanza ni kupima mwendo wakati mashine ina kazi. Wengi hukosea hapa. Wanatazama mwendo mashine ikiwa imetulia, wanaona MHz 400 au 800, wanashtuka. Prosesa isiyo na kazi inapaswa kushuka, huo ndio uungwana wake. Mpe kazi kwanza. Hii i5 ina koa nne na nyuzi nane, basi tunaanzisha kazi nane za upuuzi:

for i in $(seq 8); do yes > /dev/null & done

Halafu tunatazama:

grep MHz /proc/cpuinfo

(Ukimaliza, killall yes itazizima zote.) Mistari yote minane ilisoma karibu na 400. Hiyo ni prosesa yenye kazi ya kujaza nyuzi zote, na haijasogea hata hatua moja kutoka sakafuni. Hapo nikajua tuna amri.

Aliyetoa amri anaweza kuwa yeyote kati ya kadhaa, na ni vizuri kuwauliza kwa mpangilio, kuanzia wa karibu. Wa kwanza ni gavana. Ingia kwenye saraka hii:

cd /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq

kisha usome faili nne:

cat scaling_driver scaling_governor scaling_max_freq cpuinfo_max_freq

Picha ikaja: intel_pstate, powersave, 3400000, 3400000. Nambari hizo ni kilohezi, kwa hiyo 3400000 ni GHz 3.4. Binamu yangu aliona neno powersave akaruka. "Si ndiyo hii, kaka? Imewekwa kubania umeme!"

Hapana. Hapa pana mtego ambao umewanasa wengi. Ukiwa na draiva ya zamani, acpi-cpufreq, gavana powersave kweli huifungia prosesa kwenye mwendo wa chini kabisa. Lakini kwenye intel_pstate, iliyoingia kiini cha Linux toleo 3.9 mwaka wa 2013, jina hilo hilo lina maana nyingine: mwendo hupanda na kushuka kulingana na kazi. Jina ni moja, tabia ni mbili, kama Juma wawili wa mtaa mmoja. Ndiyo maana ninasoma jina la draiva kabla ya jina la gavana. Hapa gavana hana hatia. Na scaling_max_freq ingekuwa chini kuliko cpuinfo_max_freq, ningetafuta programu iliyoishusha, kwa mfano TLP. Lakini zililingana.

Wa pili ni swichi ya tabo yenyewe. Hapa nako kuna kioja. Kwenye intel_pstate unasoma faili hii:

/sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo

Hapo 0 maana yake tabo inaruhusiwa, na 1 maana yake imezimwa. Kwenye acpi-cpufreq, na kwenye amd-pstate iliyoingia mwaka wa 2022 katika toleo 5.17, unasoma hii:

/sys/devices/system/cpu/cpufreq/boost

Na hapo 1 ndiyo imewashwa, 0 imezimwa. Faili mbili, kazi moja, maana kinyume. Ukinakili amri ya mtu mwenye prosesa tofauti na yako unaweza kuzima ulichotaka kuwasha, halafu ushinde siku nzima ukilaumu mashine.

Ya binamu yangu ilisoma 0, yaani tabo iko huru. Lakini hata ingekuwa imezimwa isingeeleza shida yetu, na hili ni la kushika. Tabo ikizimwa, i5-8250U hurudi kwenye GHz 1.6. Haishuki hadi MHz 400. Kiwango cha kushuka chenyewe kinakwambia nani wa kumshuku. Ukikwama kwenye mwendo wa kawaida, mtafute aliyezima tabo. Ukipanda kidogo kisha ukashuka baada ya nusu dakika, shuku joto au bajeti ya wati. Ukikwama sakafuni kabisa, moja kwa moja, bila kupanda hata sekunde moja, hapo aliyetoa amri ana nguvu kuliko hao wote.

Wa tatu ni bayosi. Kwenye mashine zinazotumia acpi-cpufreq utaona faili iitwayo bios_limit katika saraka ile ile. Ikiwa nambari yake ni ndogo kuliko uwezo wa prosesa, basi ni bayosi inayouambia mfumo, "Usipite hapa." Kuna watu huongeza processor.ignore_ppc=1 kwenye mstari wa kuwashia kiini ili Linux ipuuze neno hilo. Inafanya kazi, lakini ukiiweka bila kujua kwa nini bayosi ilisema hivyo, umeziba masikio tu. Yetu haikuwa na faili hiyo, tukapita.

Wa nne ni joto na wati. Amri ya sensors ilionyesha nyuzi 48. Prosesa hii hujizuia yenyewe ikikaribia nyuzi 100, kwa hiyo 48 ni baridi. Nikamwambia asome na hesabu ya mara ilizowahi kujizuia kwa joto:

cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/thermal_throttle/package_throttle_count

Sifuri. Hapo nikamwondolea na gharama ya kupaka upya ile dawa ya kati ya prosesa na bomba la kupozea, ambayo fundi alikuwa ameiongeza kwenye orodha. Bajeti ya wati nayo tuliisoma hapa:

cat /sys/class/powercap/intel-rapl:0/constraint_0_power_limit_uw

Ikasema 15000000, yaani wati 15, kiwango chake halali. Faili yenye constraint_1 ni bajeti ya muda mfupi, nayo ilikuwa juu zaidi kama inavyopaswa.

Basi wote wanne wameapa kwamba si wao. Aliyebaki haonekani kwenye faili hizo kwa sababu hapiti kwenye Linux hata kidogo. Ni waya.

Kwenye prosesa za Intel kuna pini iitwayo PROCHOT. Zamani ilikuwa ya prosesa kupaza sauti: "Nimepata moto!" Baadaye ikafanywa ya njia mbili. Sehemu nyingine za bodi, kama vile kidhibiti cha chaja, betri, au saketi inayoilisha prosesa umeme, zinaweza kuivuta pini hiyo, na prosesa itashuka papo hapo hata kama yenyewe ni baridi kama maziwa ya mtungi. Gavana anaendelea kusema GHz 3.4, tabo inasema ruksa, na prosesa inatii waya.

Kuithibitisha unahitaji kusoma rejista ya ndani ya prosesa:

sudo apt install msr-tools
sudo modprobe msr
sudo rdmsr 0x19c

Jibu lilikuwa 8834000c. Msiiogope nambari hiyo, isomeni kama risiti. Zile tarakimu 34 za katikati ni heksadesimali, sawa na 52: prosesa iko digrii 52 chini ya kikomo chake cha 100. Yaani 48, sawasawa na sensors ilivyosema, na kwa hiyo najua tunasoma mahali sahihi. Ile c ya mwisho ni 12, ambayo ni 8 na 4. Biti ya thamani ya 4 inasema PROCHOT imevutwa sasa hivi, na ya 8 inasema iliwahi kuvutwa. Ingekuwa joto la prosesa yenyewe, biti ya thamani ya 1 nayo ingewaka. Haikuwaka. Kwa hiyo anayevuta ni mtu wa nje.

Nikamwambia, "Chomoa chaja."

Kimya kidogo. Halafu nikasikia feni ikivuma kwenye simu hata kabla hajasema neno. Mwendo ulipanda ukapita GHz 3, ukakaa hapo nusu dakika hivi, kisha ukatulia kwenye GHz 2 na ushei kama inavyotakiwa kwa bajeti ya wati 15. Prosesa iliyochoka ilikuwa imefufuka.

"Hiyo chaja umeitoa wapi?" nikamwuliza.

Chaja ya asili aliisahau kwenye matatu mwezi uliopita. Akanunua nyingine isiyo na jina kwa Sh1,200. Sasa, kuna watengenezaji wa vipakatalishi ambao huweka kijipande cha kumbukumbu ndani ya chaja, na mashine huisoma kupitia waya wa tatu ulio katikati ya plagi ili ijue chaja hiyo inatoa wati ngapi. Chaja isiyoweza kujitambulisha huchukuliwa kama mgeni asiye na kitambulisho. Mashine haijui kama mgeni huyu anaweza kubeba wati 65 au 30, basi inachukua tahadhari: inaishusha prosesa hadi sakafuni, na inakataa kuchaji betri. Umeona? Ile betri "iliyokufa" haikuwa imekufa. Ilikuwa haijachajiwa vizuri tangu chaja ipotee. Magonjwa mawili, chanzo kimoja, na bodi kuu ya Sh18,000 isingeponya hata moja kati yao.

Tulihakikisha kwa njia ya mwisho. Jirani yake wa hosteli alikuwa na kipakatalishi cha kampuni hiyo hiyo. Akaazima chaja yake kwa dakika kumi: mwendo ukapanda, betri ikaanza kujaa. Kesi imekwisha. Chaja halisi inauzwa Sh3,500, lakini hela hizo angezipata mwisho wa mwezi, na jirani naye alikuwa na mradi wake wa kumaliza. Betri ilikuwa na chaji ya dakika ishirini tu. Ilikuwa imegonga saa tatu usiku.

Hapa ndipo penye uamuzi. Prosesa ina biti ya kuiambia isisikilize PROCHOT inayotoka nje. Ni biti ya mwisho kabisa ya rejista 0x1fc. Ukitafuta mtandaoni utapata watu wengi wanaokupa nambari nzima ya kuandika humo, kisha wanakufundisha kuifanya ijiandike kila mashine inapowaka. Mimi sipendi kabisa. Kwanza, nambari nzima ya mtu ina biti nyingine zisizo zako. Pili, ule waya ni sauti ya wengi. Ukiuziba kwa sababu ya chaja, umeuziba pia kwa betri inayopata moto na kwa saketi za umeme zinazokaribia kuungua. Prosesa yenyewe itabaki na ulinzi wake wa ndani wa joto, hilo ni kweli. Lakini hao wengine watapiga kelele na hakuna atakayewasikia.

Na hofu ya mashine haikuwa ya kijinga. Ile chaja imeandikwa wati 65, lakini maandishi ni wino tu. Hakuna aliyeipima. Chaja dhaifu ikivutwa kupita uwezo wake hupata moto, na yeye analala chumba kimoja na wenzake watatu.

Kwa hiyo tukafanya mapatano: kama tunaondoa kikomo cha mashine, ni lazima kwanza tuweke chetu. Mpangilio ndio muhimu. Tulizima tabo:

echo 1 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo

Kisha tukashusha bajeti zote mbili za wati, ya muda mrefu na ya muda mfupi, hadi 8:

echo 8000000 | sudo tee /sys/class/powercap/intel-rapl:0/constraint_0_power_limit_uw
echo 8000000 | sudo tee /sys/class/powercap/intel-rapl:0/constraint_1_power_limit_uw

(Kwenye mashine nyingine bayosi huzifunga faili hizi zisibadilishwe. Ikiwa hivyo kwako, simama hapo, usiendelee.) Tukasoma tena faili hizo kuhakikisha zimeshika. Ndipo tukasoma rejista:

sudo rdmsr 0x1fc

Ikasema 24005d. Ile d ya mwisho ni 13, ambayo ni witiri, maana yake biti ya mwisho imewashwa. Ukiizima hiyo peke yake, 13 inakuwa 12, yaani c, na vingine vyote vinabaki kama vilivyo:

sudo wrmsr -a 0x1fc 0x24005c

Yako itakuwa na nambari tofauti, kwa hiyo soma yako na ubadilishe biti moja tu. Ikiwa ulinzi wa Secure Boot umewashwa kwenye mashine yako, kiini kinaweza kukataa kuandika rejista, na hiyo ni kazi yake. Kwake ulikuwa umezimwa.

Mwendo ukapanda hadi GHz 1.4 hivi na kukaa hapo. Si 3.4, si hata 2. Lakini ni mara tatu na nusu ya mkokoteni wa mwanzo. Amri ya turbostat ilionyesha prosesa inakula wati 8 tu. Ukijumlisha kioo na vingine vyote, chaja ilikuwa na kazi ndogo kuliko ambayo hata chaja duni ingeshindwa. Nikamwambia aiweke juu ya sakafu ya saruji, mbali na kitanda na nguo, na aiguse kwa mkono kila baada ya dakika kumi katika saa ya kwanza. Ikichoma kiasi cha kutoweza kuishika, achomoe bila kunipigia simu. Ilikuwa na uvuguvugu wa chai iliyosahauliwa.

Saa 33 zikawa chini ya 10. Alhamisi asubuhi majibu yalikuwa tayari, akabaki na mchana na usiku mzima wa kuandika. Ijumaa alikabidhi. Mwisho wa mwezi akanunua chaja halisi, na betri inafika asilimia mia.

Nawaambia pia kilichonifurahisha katika njia hii: hakuna kilichohifadhiwa popote. Alipozima na kuwasha mashine, tabo ilirudi, wati zilirudi, na waya ukapata sauti yake. Ruhusa ya dharura inapaswa kuisha pamoja na dharura. Kuna hali moja tu ambamo ningefikiria kuiacha biti hiyo ikiwa imezimwa kwa muda mrefu: umejaribu chaja halisi, umejaribu bila betri, betri yenyewe umeikagua haijavimba, na bado waya unavutwa saa zote. Hapo huenda ni sensa iliyoharibika inayolia mbwa mwitu. Hata hivyo ningeweka kikomo changu cha wati kwanza. Na ukiona kibao cha kugusa kimeinuka au mfuniko wa chini umefura, achana na rejista, zima mashine, toa betri.

Kwa wanaoenda kununua kipakatalishi cha mtumba wiki hii, beba Linux kwenye flashi na uwashe mashine kutoka humo. Chomeka chaja ile ile utakayopewa, anzisha zile kazi nane za yes, na utazame megahezi kwa dakika mbili, kisha uangalie kama betri inajaa. Muuzaji wa kweli hatakasirika. Akikwambia chaja utajitafutia mwenyewe, punguza bei ya chaja halisi hapo hapo, kabla hujatoa pesa mfukoni.

Kwa leo naishia hapo. Kaeni salama.